Vienna, Kraków au Lucca: mzingo upi uutembee kwanza?

Miji mingi ya Ulaya iliishi ndani ya kuta kwa mamia ya miaka, mpaka mizinga ikawa na nguvu kuliko mawe. Kuta zilipokosa kazi, kila mji ulijikuta na mkanda wa ardhi unaouzunguka mji mkongwe, na ikabidi uamue cha kuufanyia. Uamuzi ule ndio unaopanga hadi leo mgeni atembee wapi, aketi wapi na apigiwe honi mara ngapi.

Nalinganisha miji mitatu kwa sababu ilitoa majibu matatu. Vienna, nchini Austria, ilibomoa ukuta ikajenga barabara pana ya majumba. Kraków, nchini Poland, ilibomoa ikapanda bustani. Lucca, mji mdogo wa Tuscany nchini Italia, iliuacha ukuta ulivyo na kupanda miti juu yake. Umbali hautakusaidia kuchagua, maana mizingo yote mitatu ni ya kilomita nne hadi tano na ushee. Kinachoitofautisha ni mahali viwanja vya wazi vya mji vilipo. Vienna viwanja vikubwa vimepangwa kwenye mzingo wenyewe, Kraków uwanja mkuu uko katikati kabisa na mzingo uko pembeni, na Lucca viwanja viko chini huku wewe ukipita juu. Ukishalielewa hilo, nusu ya uchaguzi imekwisha.

Vienna: barabara iliyojengwa ili ionekane

Ukuta wa Vienna uliimarishwa kwa sehemu ya fidia iliyolipwa kumkomboa Mfalme Richard wa Uingereza, aliyekamatwa karibu na mji huo mwaka 1192 akirudi kutoka vita vya msalaba. Ule uliowazuia Waosmani mwaka 1683 ulikuwa mwingine, mnene zaidi, na mbele yake uliachwa uwanda mtupu ulioitwa Glacis ili adui asipate pa kujificha. Karibu karne mbili baadaye uwanda huo ukawa ardhi ghali kuliko zote mjini. Tarehe 20 Desemba 1857 Kaizari Franz Joseph alitoa amri ukuta ubomolewe na uwanda ujengwe, na tarehe 1 Mei 1865 akaifungua rasmi barabara ya Ringstrasse, ingawa sehemu kubwa ya kando zake ilikuwa bado ni majukwaa ya mafundi na mashimo ya misingi.

Hesabu yake ilikuwa ya kijanja. Vipande vya ardhi viliuzwa kwa matajiri wenye mabenki na viwanda, fedha zikaingia katika mfuko maalumu, na mfuko huo ukajenga majumba ya umma. Kwa hiyo unapoona jumba la makumbusho limetazamana na jumba la bwana fulani wa zamani, jua kwamba la pili lilisaidia kulilipia la kwanza.

Upana wa mita 57 nao haukuwa wa urembo peke yake. Mapinduzi ya 1848 yalikuwa bado hayajasahauliwa ikulu, na barabara pana ni ngumu kuifunga kwa vizuizi, tena ni rahisi kuipitishia askari wa farasi. Karibu na kipande kiitwacho Schottenring bado imesimama Rossauer Kaserne, kambi kubwa ya matofali mekundu iliyojengwa miaka ileile. Wageni wengi huipita bila kuitazama. Mimi naiona kuwa ndiyo jengo linalosema ukweli kuliko mengine yote pale.

Mengine yanasema kwa mafumbo. Bunge, kazi ya Theophil Hansen iliyokamilika mwaka 1883, lina nguzo za Kiyunani kwa sababu demokrasia ilihesabiwa kuwa mtoto wa Athens. Ukumbi wa jiji wa Friedrich Schmidt, uliokamilika mwaka huohuo, umejengwa kwa mtindo wa Kigothi wenye minara iliyochongoka, ukikumbusha miji huru ya zama za kati. Chuo Kikuu kikafuata mtindo wa Renaissance, zama za elimu. Watu wa kizazi kilichofuata walilicheka jambo hili, wakasema ni mji uliovaa nguo za kuazima. Wana hoja, lakini ukisimama Rathausplatz, uwanja ulio mbele ya ukumbi huo wa jiji, jioni taa zikiwaka, hoja hiyo inakuwa ngumu kuikumbuka.

Jumba la opera lina kisa cha huzuni. Kabla halijakamilika watu wa mjini walilikejeli, hasa kwa kuwa barabara iliinuliwa baada ya ujenzi kuanza na jengo likaonekana limezama. Mmoja wa wasanifu wake wawili, Eduard van der Nüll, alijiua mwaka 1868. Mwenzake, August Sicard von Sicardsburg, akafa kwa maradhi wiki chache baadaye. Wote wawili hawakuwahi kuona ufunguzi wa mwaka 1869.

Sasa viwanja. Heldenplatz ni mkubwa kiasi kwamba sanamu mbili za farasi zilizomo, za majemadari Archduke Karl na Prinz Eugen, zinaonekana ndogo mpaka uzikaribie. Ulibaki hivyo kwa sababu mpango wa kuuzungushia majumba ya kifalme pande zote haukutimia. Upande mmoja tu ndio uliojengwa. Kwenye roshani ya upande huo ndipo Hitler alipohutubia umati tarehe 15 Machi 1938, baada ya kuimeza Austria. Ng'ambo ya barabara kuna Maria-Theresien-Platz, ambapo majumba mawili ya makumbusho yanayofanana kama pacha yanatazamana, moja la sanaa na jingine la maumbile. Huo ndio uwanja uliopangwa vizuri kuliko vyote katika miji mitatu ninayoizungumzia hapa, na ndio ninaoupenda kwa kiasi kidogo zaidi. Umekamilika mno. Mtu hana pa kujishikiza.

Ndani ya mji mkongwe mambo ni madogo zaidi. Stephansplatz, mbele ya kanisa kuu, ni mahali pa kupita kuliko pa kukaa. Graben, palipokuwa handaki la kambi ya Warumi kabla ya kufukiwa katika zama za kati, leo ni mtaa mpana wa maduka. Ni pazuri, ila si uwanja wa kukusanya mji.

Ubaya wa Ringstrasse ni magari. Yanakwenda upande mmoja, mistari kadhaa, mchana kutwa. Kuna njia za miguu chini ya miti pande zote, na njia ya baiskeli inapita humohumo, kwa hiyo uwe macho kengele zinapolia nyuma yako. Upande wa Franz-Josefs-Kai, kando ya mfereji wa Danube, uliharibiwa sana mwaka 1945 na majengo yake hayalingani na mengine. Ndiyo maana nashauri usiutembee mzingo wote kwa miguu. Tembea kutoka Opera hadi Chuo Kikuu, kama kilomita mbili, kisha upande tramu kwa sehemu iliyobaki. Zamani tramu namba 1 na namba 2 zilizunguka duara zima. Tangu 2008 njia zao zilibadilishwa, kwa hiyo ukitaka kuufunga mzingo panda moja kisha ubadilishe kwa nyingine.

Kraków: bustani inayokufikisha sokoni

Hapa mpangilio unageuka. Mtu hafiki Kraków kwa ajili ya mzingo, anafika kwa ajili ya Rynek Główny, uwanja mkuu uliopimwa mwaka 1257 mji ulipopewa hati yake na mtawala Bolesław. Kila upande una karibu mita 200. Ni mmoja wa viwanja vikubwa zaidi vya zama za kati barani Ulaya, na siri yake ni kwamba haukuachwa mtupu. Katikati limelala Sukiennice, soko refu la wafanyabiashara wa vitambaa, lililojengwa upya kwa mtindo wa Renaissance baada ya moto wa 1555. Pembeni kuna mnara peke yake: ukumbi wa mji uliokuwa umeshikamana nao ulibomolewa mwaka 1820. Kisha kuna kanisa dogo la Mtakatifu Wojciech, limekaa mshazari, halifuati mstari wowote wa uwanja, maana lilikuwepo kabla uwanja haujapimwa. Vitu hivi vinaukata uwanja katika vyumba, na ndiyo sababu mtu hajisikii kupotea humo kama anavyojisikia Heldenplatz.

Kila baada ya saa moja, usiku na mchana, mpiga tarumbeta hupanda kwenye mnara mrefu wa kanisa la Mariacki na kupiga wimbo uitwao hejnał kuelekea pande nne. Wimbo hukatika ghafla. Inasimuliwa kwamba mpigaji wa zamani alichomwa mshale wa koo akiwaonya watu juu ya uvamizi wa Watatari. Wanahistoria hawakiamini kisa hicho, ila watu wa mjini hawajali. Redio ya taifa ya Poland huurusha moja kwa moja saa sita mchana.

Mzingo wa Kraków unaitwa Planty. Mwanzoni mwa karne ya 19 kuta zilikuwa magofu, mahandaki yakinuka maji machafu, na watawala wa Kiaustria waliagiza zibomolewe. Profesa Feliks Radwański, aliyekuwa pia seneta, alipigania kipande cha kaskazini kisiguswe. Inasemwa kwamba aliwatisha wenzake kwa upepo: bila ukuta ule, ubaridi wa kaskazini ungeingia moja kwa moja uwanjani na kuwaletea watu maradhi ya viungo. Iwe aliyasema au hakuyasema, Barbakan, ngome ya duara iliyojengwa mwaka 1498 na 1499, ipo, na nyuma yake lipo Lango la Floriańska na kipande cha ukuta. Palipobaki, kati ya 1822 na 1830, handaki lilifukiwa na miti ikapandwa, Florian Straszewski akiwa msimamizi.

Matokeo ni hekta 21 za bustani nyembamba inayouzunguka mji mkongwe mpaka chini ya kilima cha Wawel, palipo na ikulu ya wafalme. Magari na tramu yako nje ya miti, mitaa ya Basztowa na Westerplatte; ndani ni njia za miguu, mabenchi na kivuli. Hakuna jengo linalokulazimisha kulitazama. Hata hivyo, usidhani hakuna historia. Mbele ya Collegium Novum, jengo la chuo kikuu linalotazama Planty, simama kidogo. Humo tarehe 6 Novemba 1939 Wanazi waliwaita maprofesa kama kwa mhadhara, wakawakamata na kuwapeleka makambini.

Kinachoupa mji huu nguvu ni ukaribu. Mtaa wa Floriańska, kutoka langoni hadi uwanjani, haufiki mita 400. Ukichoka na umati wa Rynek, dakika tano kwa upande wowote unakuwa chini ya miti. Ukichoka na utulivu, dakika tano unarudi kwenye kelele. Mtu anaweza kufanya hivyo mara nyingi kwa siku bila kupanga chochote, na stesheni kuu ya treni nayo iko hatua chache tu kutoka kwenye bustani. Kwa maoni yangu hakuna mji mwingine kati ya hii mitatu ambao mzingo na uwanja vinafanya kazi pamoja namna hii.

Kasoro zipo. Rynek wakati wa kiangazi hujaa wageni, mikokoteni ya farasi na watu wa kukuvuta kwenye migahawa. Planty usiku wa wikiendi hupitwa na walevi wanaotoka kwenye baa, si wa kutisha, ila wana sauti. Na wakati wa baridi miti haina majani, bustani inabaki vijiti. Hewa ya mji huu ilisifika vibaya kwa moshi wa majiko. Kuanzia Septemba 2019 kuchoma makaa ya mawe na kuni ndani ya mji kulipigwa marufuku. Hata hivyo mji umekaa bondeni, na siku za baridi zisizo na upepo moshi wa vitongoji jirani hujikusanya humo.

Lucca: mzingo wa juu

Lucca ilikuwa jamhuri ndogo iliyoihofia Florence, ikatumia zaidi ya karne moja kujenga ukuta ambao haukuwahi kushambuliwa. Ulikamilika katikati ya karne ya 17, urefu wake kilomita 4.2, kimo cha mita 12, na chini kabisa unene wa takriban mita 30. Adui pekee uliyemzuia ni maji: mwaka 1812 mto Serchio ulipofurika, malango yalizibwa na mji ukabaki mkavu kiasi. Katika karne ya 19, chini ya Maria Luisa wa Bourbon, mtawala wa Lucca wakati huo, sehemu ya juu ikageuzwa matembezi yenye safu za miti, na mwaka 1866 mji ukaununua ukuta kutoka kwa serikali ili usije ukaguswa.

Leo juu hakuna magari. Watu hukimbia, husukuma vigari vya watoto, huendesha baiskeli za kukodi. Duara zima kwa baiskeli bila haraka huchukua kama nusu saa, kwa miguu zaidi kidogo ya saa moja. Upande mmoja unaona mapaa na minara, ukiwemo Torre Guinigi wenye miti ya mialoni kileleni. Upande mwingine majani mabichi ya uwanda uliokuwa wa ulinzi, kisha mji mpya. Kwa mwenye watoto sioni ushindani wowote.

Viwanja vyake vinapendeza kwa namna ya kujificha. Piazza dell'Anfiteatro una umbo la yai kwa sababu nyumba zilijengwa juu ya mabaki ya ukumbi wa michezo wa Warumi. Baadaye katikati pakajaa majengo, mpaka msanifu Lorenzo Nottolini alipopasafisha katika miaka ya 1830. Unaingia kwa matao, ghafla uko ndani. Piazza San Michele palikuwa soko la Warumi, na kanisa lake lina uso mrefu kuliko kanisa lenyewe. Piazza Napoleone ndio mkubwa, na ulipatikana kwa mabavu: Elisa Bonaparte, dada yake Napoleon aliyepewa mji huo autawale, alibomoa nyumba na kanisa ili ikulu yake ipate mbele pa kupumulia. Hauna mvuto sana, na Julai hufungwa kwa jukwaa la tamasha la muziki.

Tatizo la Lucca ni kwamba inakwisha haraka. Siku moja inatosha, mbili ni za kupumzika. Pia epuka mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba kama hupendi msongamano, kwa kuwa tamasha la vibonzo na michezo huujaza mji mpaka nyumba za wageni za miji jirani.

Kabla hujaamua

Usidanganyike kwamba kila mzingo wa kale ni wa kutembelea. Brussels nayo ilibomoa kuta zake ikapata bulivadi ya miti, kisha kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya 1958 ikachimba mahandaki ya magari kuifuata. Leo unaivuka tu, huitembei. Birmingham ilijenga barabara ya mzingo ya zege baada ya Vita Kuu ya Pili, ikauona mji wake umenyongwa, ikaanza kuibomoa vipande. Kwa hiyo ukiona kwenye ramani duara zuri kuzunguka mji mkongwe, angalia kwanza ni la nani: watu au magari.

Basi, nani aende wapi?

Mwenye mapenzi ya majengo, siasa na makumbusho aende Vienna, na aende hata kwenye baridi, maana mvua ikinyesha kila baada ya mita mia kuna mlango wa kuingilia. Ndio mji pekee kati ya mitatu ambao hali ya hewa haikuvurugii. Ndio ghali zaidi pia kwa malazi na chakula, ingawa mzingo wenyewe, kama ule wa Kraków na wa Lucca, haulipiwi.

Mwenye siku mbili tatu tu na asiyetaka kupanga sana aende Kraków, Mei hadi Juni au Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba majani yanapogeuka rangi. Fedha ni złoty, si euro, na kwa kawaida mfuko unastahimili vizuri kuliko Vienna. Ukiniuliza mmoja tu, nakuambia huu.

Lucca iwe kwa mwenye watoto, kwa anayependa baiskeli, au kwa aliyekwisha panga kwenda Florence na anatafuta pa kupumzikia. Treni kutoka Florence huchukua saa moja na nusu hivi na inakushusha nje kidogo ya ukuta wa kusini. Kwa mwenye magoti mabovu si mji mgumu kama unavyosikika: kuna njia za mteremko za kupandia juu, si ngazi peke yake, na ukishafika juu pote ni tambarare.

Wanaohitaji viza wana nafuu moja: Austria, Poland na Italia zote ziko Schengen, kwa hiyo viza moja ya kuingia inatosha. Kuunganisha Vienna na Kraków ni rahisi, zipo treni za moja kwa moja za muda wa saa sita hadi saba. Ukifanya hivyo anza na Vienna. Ukitangulia Kraków, Ringstrasse itakuudhi kwa magari yake kabla hujaipa nafasi.